Penseli Ndani ya Frigo

Frigo ya kwanza niliyoitunza haikuwa na waya wa umeme. Ilikula mafuta ya taa kama koroboi. Ilikuwa na tangi chini ya tumbo, utambi, bomba la moshi mgongoni, na moto mdogo uliotakiwa kuwaka mchana na usiku ili chanjo za watoto zikae baridi. Ninyi mnaobaki kazini mna frigo ya jua na kipimajoto kinacholia kama kifaranga joto likipanda. Sina wivu. Ila mmecheka sana kuhusu penseli yangu, na sasa nimeondoka nitawaeleza kwa nini niliiweka ndani ya frigo, pamoja na chanjo, miaka yote hii.

Nimeondoka kabla ya umri kwa sababu ya macho. Mistari ya kipimajoto imeanza kuungana, na mtunza baridi asiyeona mistari ni heri akae nyumbani. Nilitakiwa kuandika haya mapema. Nimechelewa kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kuyasikia kabla yenu: ndugu yangu Dido.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba, katika kituo kidogo cha afya ukingo wa kushoto wa mto, upande wa stesheni. Baba alikuwa mfanyakazi wa njia ya reli ya Ubundu. Shule niliiacha darasa la tano, mishahara ya reli ilipokatika. Nilipokelewa kufagia. Muuguzi mkuu, Papa Botende, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata wakati makaa hayapatikani, aliniangalia nikifagia kwa juma moja, kisha akaniita mbele ya frigo.

“Unajua kusoma namba?”

“Najua, papa. Nilifika ya tano.”

“Bon. Hii kazi haiombe namba mingi. Kutoka mbili mpaka nane. Yenye kubaki yote iko kelele.”

Akapiga magoti sakafuni, akaniambia nami nipige. Alinionyesha moto kupitia kidirisha kidogo cha chini. Ukiwa wa buluu, frigo inapoa. Ukiwa wa njano, utambi umechafuka, unatoa moshi na masizi, na ndani joto linapanda. “Kama bantu tu,” alisema, yaani watu. “Mwenye kuwaka sana hana faida.” Alinifundisha kukata utambi kwa wembe uwe sawa kama mstari, kusafisha bomba kila Ijumaa, kuchuja mafuta kwa kitambaa, na kuweka bilauri ya maji juu ya frigo ili kuona kama imesimama wima, maana ikiinama kidogo tu inakataa kupoa. Kisha akanipa karatasi ya joto. Kila siku ina visanduku viwili, asubuhi na jioni. Unafungua, unaangalia, unaandika, unafunga. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye msumari ukutani.

Papa Botende alikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Siku ya mwisho ya Desemba, asubuhi, kabla ya kufunga kituo, alituketisha kwenye benchi la wagonjwa na chai na karanga. Kila mmoja alisoma karatasi zake za mwaka mzima kwa sauti. Mimi nilisoma joto, siku kwa siku. Mkunga wetu, Mama Régine, alisoma uzazi. Papa Botende mwenyewe alisoma dawa alizoandika na wagonjwa waliorudi vilevile. Tuliiita kusoma mwaka. Ilichukua saa tatu na ilichosha kuliko kazi yenyewe. Baada ya kusoma, kila mtu alitaja tabia moja mbaya aliyoiona kwenye karatasi zake, na jambo moja dogo atakalofanya badala yake. Hakukubali maneno makubwa.

“Usiniambie eti utakuwa mutu muzuri,” alisema. “Ile nilisikia kwa bantu mingi, na bengine niliisha kubazika. Niambie saa kumi na moja mukono yako itashika nini.”

Mama Régine kila mwaka aliahidi kuacha kuwafokea akina mama wakati wa kuzaa.

“Ile ulisema mwaka jana,” Papa Botende alimkumbusha.

“Mwaka jana niliiacha, papa. Yenyewe njo ilinifuata.”

Tulicheka. Lakini nawaambia, yule aliyekunywa chai huku akisikia kosa lake kwa sauti yake mwenyewe alibadilika kidogo kila mwaka. Miaka mitano ya kwanza karatasi zangu zilikuwa safi, na pale ambapo sikuangalia niliacha kisanduku kitupu. Sheria ya Papa Botende ilikuwa hiyo: kitupu kinaeleza kitu. Kitupu kinasema nenda kaangalie.

Kisha vita vikaja. Baba alipanda kigari cha reli kwenda Ubundu kukagua njia, mapigano yakafunga nyuma yake, na hatukumwona tena. Mama alikuwa na mimba. Alimzaa Sifa mwezi wa kumi na moja, akatutoka kabla mtoto hajaanza kukaza shingo. Nyumbani tukabaki watatu: mimi, Dido mwenye miaka kumi na minne, na mtoto mchanga. Dido aliacha shule siku ile ile tuliyomzika mama, bila kuniuliza, akachukua baiskeli ya baba na kuanza kubeba watu, kazi tunayoiita toleka. Jioni alimfunga Sifa mgongoni kwa kitenge cha mama na kuzunguka naye uani mpaka alale. Wenzake walimcheka. “Mama Dido!” walimwita, “mutoto amenyonya?” Aliwajibu kwamba Sifa ndiye mteja pekee anayelala njiani bila kulalamika mashimo.

Wakati wa vita vya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yalipopigania mji wetu kana kwamba sisi hatumo, tulilala chini ya kitanda watatu, Sifa katikati. Tuliporudi kituoni, frigo ilikuwa na tundu mlangoni, kipande cha bomu kimeingia na kubaki ndani ya sufi ya kuzuia joto. Tuliliziba kwa sabuni. Chanjo zilizokuwemo Papa Botende alizitupa zote shimoni mbele yetu, akaacha kwenye karatasi visanduku kumi na viwili vitupu kwa siku zile sita, akatia sahihi. Mpya zilipopatikana, alizileta mwenyewe kwa mtumbwi, sanduku la baridi amelikumbatia kama mtoto.

Sasa nafika mahali ambapo napenda kuharakisha, na sitaharakisha.

Jumamosi nilikuwa navuka mto kwenda soko kuu kutafuta unga wa uji wa Sifa na chochote cha kula. Askari waliruhusu mitumbwi kwa saa chache tu. Nikivuka saa sita, sikuwa na hakika ya kurudi kituoni jioni. Jumamosi ya kwanza niliacha kisanduku cha jioni kitupu. Ya pili, nikiwa na haraka, asubuhi frigo ikisoma tano, niliandika tano ya asubuhi na tano ya jioni pamoja. Nilijiambia, jana ilikuwa tano, juzi tano, jioni itakuwa nini kama si tano? Ya tatu niliandika na Jumapili. Haikuwa uovu mkubwa, wenzangu. Ilikuwa penseli iliyo karibu na mlango, na mimi nikielekea mlangoni.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane nilifika nikasikia kimya. Frigo ya mafuta ina pumzi ndogo, ukiizoea unaisikia. Moto ulikuwa umezimika. Mafuta ya vita yalichanganywa na maji, na maji yalikuwa yamekaa chini ya tangi. Nilifungua. Kipimajoto kilisema kumi na tisa. Ukutani, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la tano, Jumamosi na Jumapili zilisema tano, tano, tano, tano.

Ningekwenda kwa Papa Botende. Chumba chake kilikuwa hatua kumi. Angezitupa chanjo, na kufuata nyingine ilikuwa kuvuka tena na sanduku chini ya bunduki. Na angeona karatasi. Nilifikiria kazi, nikafikiria uji. Nikamwaga mafuta, nikakausha tangi, nikakata utambi, nikawasha. Asubuhi ile niliandika sita.

Jumatano ilikuwa siku ya chanjo. Akina mama walipanga foleni mpaka nje. Sifa alikuwa ametimiza miezi tisa, na Papa Botende aliita kwa furaha: “Mutoto ya frigo apite wa kwanza!” Nilimshika mguu mimi mwenyewe. Alilia kidogo, akaona kofia ya Mama Régine, akanyamaza akaitaka. Dido alimsubiri nje na kitenge.

“Amepata yote?” aliniuliza.

“Amepata.”

“Bon. Sasa hata surua ikuje na bunduki, itamupita.”

Desemba tulisoma mwaka. Nilisoma karatasi zangu kwa sauti, mwezi baada ya mwezi. Nilipofika mwezi wa nane nilisoma tano, tano, tano, tano, na sauti yangu haikutetemeka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba haikutetemeka. Papa Botende aliniuliza tabia ninayotaka kuibadilisha.

“Siku za soko nachelewa kufika.”

“Na utafanya nini?”

“Nitatwanga pondu siku ya mbele, ili asubuhi nisikawie.”

“Ile iko jambo ya kushikika,” alisema, akaiandika. Mama Régine akapiga makofi. Na nimeishika. Mpaka leo natwanga pondu, yale majani ya muhogo, siku moja kabla. Tabia njema kabisa, niliyoijenga juu ya uongo, na kila nikishika mchi naukumbuka.

Mwezi wa pili surua iliingia mjini. Dido alikuwa amempeleka Sifa ng’ambo, sokoni, mgongoni kwake, akapumzika mahali penye watoto waliokuwa na macho mekundu. Siku kumi baadaye Sifa alishikwa na homa. Akaota vipele nyuma ya masikio, vikashuka usoni. Papa Botende alikuja nyumbani kila siku na kila alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Kifua kikambana. Alifariki asubuhi, Dido akiwa amemfunga mgongoni, anazunguka naye uani. Alizunguka mara kadhaa zaidi kabla ya mimi kumwona na kumsimamisha.

Baada ya mazishi Dido alikaa siku tatu bila kula. Siku ya tatu alipakia baiskeli. Aliniita yaya, dada mkubwa, kama siku zote.

“Mimi njo nilimuletea ugonjwa, yaya. Nilimupeleka kule nikamuweka mbele ya mauti.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua neno la kumwambia. Nilisema, “Chukua chikwange ya njia.” Akachukua mkate ule wa muhogo, akaenda Ubundu, akabaki huko.

Siku ile ile nilikwenda kwa Papa Botende nikamwambia kila kitu: Jumamosi, maji kwenye tangi, kumi na tisa. Alisikiliza akiwa anakunja bandeji. Hakunifukuza. Nilitaka anifukuze.

“Mado,” alisema, “hata chanjo nzuri haishike kwa kila mutoto. Na ile ingeweza kuwa ilivumilia siku moja na nusu. Labda ilikuwa ingali hai.”

“Kwa hiyo haikuwa mimi?”

“Sijue. Njo mubaya yako iko pale. Kama ungeacha kisanduku kitupu, ningejua. Uliandika tano. Sasa hakuna mutu atajua, mpaka mwisho ya dunia.”

Kisha akafungua daftari la chanjo, akaninakilia majina ya watoto wote waliochomwa kutoka Jumatano ile, akanipa. “Utaenda nyumba kwa nyumba. Utabaambia ukweli, na utabaleta bachomwe tena.”

Nilikwenda kwa majuma mawili. Mama mmoja alinipiga na mwiko, nikashukuru. Mwingine alifunga mlango, nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Kule kwenye maporomoko, kwa familia za wavuvi, nilimkuta mwanamke anageuza samaki juu ya moshi, mtoto wake mchanga kalala kwenye ndoo kubwa. Nilimwambia. Aliendelea kugeuza samaki.

“Na wewe, uko na mutoto?”

“Mudogo wangu. Nilimuzika juma lililopita.”

Aliweka samaki chini, akasukuma kigoda kwa mguu. “Ikala,” alisema. Nikakaa. Jumatano alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Desemba iliyofuata, kwenye benchi, nilisoma karatasi ya mwaka uliopita badala ya karatasi za mwaka ule, mbele ya wote. Papa Botende aliuliza swali lake la kila mwaka, mkono wangu utashika nini saa kumi na moja. Nilikuwa nimefikiria mwaka mzima. Sikuahidi kuwa mkweli, maana nilijua ninavyoweza kusoma uongo bila kutetemeka. Nilisimama, nikakata uzi wa penseli ukutani, nikaifunga kwenye kipimajoto ndani ya frigo. Kuanzia siku ile, asiyefungua hawezi kuandika. Ukitaka penseli, lazima macho yako yapite kwenye mistari kwanza. Ndiyo hiyo, wenzangu. Ndiyo penseli baridi mliyoicheka, ambayo kijana mmoja wenu alidhani naigandisha ili isiibiwe. Na hamkukosea sana: penseli ya kituoni huibiwa haraka kuliko dawa.

Papa Botende alipoondoka kazini alinipa urithi mmoja, karatasi ya mwezi ule wa nane. Mwenyewe alifariki miaka michache baadaye. Niliendeleza kusoma mwaka, kama mnavyojua, na malalamiko yenu kuhusu urefu wake nimeyasikia. Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na visanduku vinne vitupu, nikavisoma vyote.

Lakini Dido sikumwambia. Mara ya kwanza nilipokwenda Ubundu, njia zilipofunguka, nilimkuta fundi baiskeli, ana mke na watoto. Mke wake alinitania uani: “Wifi, huyu ndugu yako iko ya namna gani? Batoto yake hajawahi kuwabeba mugongoni. Anababeba mbele, mikono miwili, kama sahani ya wageni!” Dido alicheka kidogo, akaenda kutafuta spana. Nililala siku mbili kwake, nikaondoka. Nilikwenda tena, na tena. Kila mara nilikuwa na karatasi ndani ya mfuko, na kila mara niliongea juu ya bei ya samaki.

Mwezi uliopita, siku chache baada ya kukabidhi funguo, nilipanda pikipiki nikaenda. Nilimkuta asubuhi anatengeneza gurudumu. Nilikaa kwenye debe la mafuta mbele yake, nikamwekea karatasi juu ya goti, nikaisoma kwa sauti kama kwenye benchi. Nikamwambia namba iliyotakiwa kuwa pale.

Alizungusha gurudumu kwa kidole. Liliendelea kuzunguka muda mrefu. Lilikuwa limenyooka vizuri.

“Ile siku ya soko,” alisema, “nilimupeleka sababu alikuwa na chanjo. Niliona bale batoto, yaya. Niliona macho yao. Nilisema, huyu iko na chanjo ya yaya yake.”

Akalisimamisha gurudumu.

“Na kisha nikajiuliza miaka yote, mbona haikumusaidia? Nikafikiri labda nilimufunga vibaya. Labda nilimubana kifua.”

“Hukumubana, Dido.”

“Wewe ungejua wapi?” aliniuliza, bila kupandisha sauti.

Mchana tulikula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, mke wake akiongea peke yake. Aliniomba karatasi ibaki kwake, nikaiacha. Pikipiki ilipokuja alinibebea mfuko mpaka barabarani, akauweka chini, akarudi bila kuniaga.

Dereva alikuwa anafunga mzigo, nikageuka kuangalia uani. Kitinda mimba wake, msichana wa miaka mitatu, alikuwa amesimama karibu na baiskeli iliyopinduliwa. Dido alikuwa amechutama mbele yake, amempa mgongo, mikono miwili imetanda nyuma, wazi. Mtoto hakuelewa anatakiwa kufanya nini. Alimwangalia tu. Pikipiki ikaondoka, naye bado amechutama pale, anangoja.